Elimu Yenye Kivuli

Nilifika Winnipeg mwezi wa pili.
Miti ilikuwa imesimama kandokando ya barabara,
myeusi, mitupu, vidole hewani.
Nikasema moyoni: hawa wamekufa wima
na hakuna mwenye haraka ya kuwazika.

Nilipata kazi ya kugawa vipeperushi vya madukani,
nyumba mia mbili na kumi kila Alhamisi,
kitoroli kikilialia nyuma yangu.
Sikuinua uso. Kwenye barafu
macho ni mali ya miguu.

Kisha mwezi wa tano, bila hodi,
vikaanza kushuka vitu vyepesi vya mviringo,
rangi ya chai iliyozidi maziwa:
mbegu, maelfu, sarafu za karatasi.
Zikatua kofiani, zikatua kitorolini,
zikatua kwenye kikombe cha Bi Halyna Petryshyn wa namba 88,
naye akazitoa kwa kijiko, akaendelea kunywa.

"Mti gani huu?"
Akataja jina fupi, silabi moja,
mdomo umefungwa mwishoni.
Ulimi wangu hauachi konsonanti ikae bila vokali,
ni kama kumwacha mgeni bila kiti.
"Elimu," nikasema.
Akacheka, akarudia. Nami nikarudia: elimu.
Tukaliacha hivyo.

Nikamwandikia dada yangu Sikudhani, kule Tabora:
Mtaa huu una elimu huku na huku,
imekutana juu, imeshikana mikono,
magari yanapita chini yake kama wanafunzi waliochelewa.
Akajibu: Basi usirudi mjinga.

Mwezi wa saba joto la hapa halina adabu.
Kwenye maegesho ya lile duka kubwa
mpini wa kitoroli unauma kama sufuria.
Lakini nikikata kona kuingia mtaa wetu,
jamani,
ni kama kuzamisha uso
ndani ya kanga iliyolala nje usiku kucha.

Na kivuli chenyewe si cheusi. Kiangalie.
Kina kijani ndani yake, kina matobo ya jua
yanayotembea juu ya mgongo wa mbwa aliyelala,
juu ya baiskeli iliyotupwa nyasini,
juu ya pipa la taka.
Hata pipa la taka limependeza.

Sisemi ni malaika.
Inadondosha ulimbo juu ya vioo vya magari,
mizizi imeinua saruji, nimejikwaa mara tatu,
na mwezi wa sita viwavi hushuka kwa nyuzi
mpaka ndani ya nywele.
Ndiyo maana kila mti una mkanda wa gundi kiunoni
kama mzazi aliyefungwa mkaja.

Halafu kuna ugonjwa.
Watu wa manispaa hupita na kopo la rangi ya chungwa.
Ukishawekwa doa, huna rufaa.
Ule wa namba 114 waliukata kwa asubuhi moja.
Nilihesabu pete za kisiki mpaka tisini, mvua ikanifukuza.
Jioni yake Bwana Delorme alikwenda kununua pazia.
Miaka thelathini na moja katika nyumba ile
hakuwahi kuhitaji pazia.

Sasa kila Alhamisi, nikifika namba 88,
nauzunguka mti wa Bi Halyna polepole,
napapasa gome kama paji la mtoto mwenye homa.
Hauna doa.
Narudi nyuma ya shina, naangalia tena.
Hauna.
Ndipo naketi ukingoni mwa barabara, miguu mbele.

Msimamizi anapiga simu:
mbona nyumba arobaini bado?
Bi Halyna ananitazama juu ya kikombe chake.
Upepo unapita huko juu,
majani yote yanasema jambo moja kwa pamoja,
halafu yanalisahau.
"Nakuja," namwambia.
Sijainuka.